Hasheem Thabeet na Allen Iverson: tulimpima kwa debe la nani?

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumze historia ya mpira wa kikapu. Najua kuna watakaouliza, mtu wa Mbinga, kwenye kahawa na mahindi, anajua nini kuhusu NBA? Subirini kwanza. Historia yenyewe ni ya kijana wa Kitanzania, na hukumu tuliyompa kama taifa inamgusa kila kijana anayeanza jambo lolote, awe Dar es Salaam au kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa.

Novemba 2009, timu ya Memphis Grizzlies ya Marekani ilikuwa na wachezaji wawili ambao ukiwaweka pamoja kwenye picha unaweza kucheka. Wa kwanza ni Allen Iverson, miaka 34, urefu mita 1.83, mmoja wa wachezaji wa nje maarufu kuliko wote waliowahi kucheza kikapu. Wa pili ni Hasheem Thabeet, miaka 22, mzaliwa wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mkongwe na chipukizi. Mmoja mfupi, mwenye kila tuzo isipokuwa ubingwa wa ligi. Mwingine mrefu, mwenye namba 2 ya uchaguzi wa wachezaji wapya na ahadi tupu.

Watu wa rika langu tulikuwa bado shule ya msingi wakati huo. Mbinga tulikuwa tunategemea umeme wa majenereta, kwani njia kubwa ya kutoka Makambako hadi Songea ilikuja kukamilika mwaka 2018. Na mechi ya Memphis inayoanza saa moja jioni kwao, kwetu ni saa kumi usiku. Nani angeiona? Kwa hiyo Hasheem hatukumtazama. Tulimsikia. Tulisikia kwamba amechaguliwa wa pili Marekani nzima, tukashangilia. Baada ya miezi michache tukasikia kwamba hafungi, tukaanza kucheka. Mpaka leo, ukikaa kwenye vijiwe vya mjini hapa na mtu akataja jina lake, jibu ni moja: "Yule? Alifeli." Kisha watakutajia wanaume waliofanya kweli, na jina la Iverson halikosekani.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Je, tuliwahi kuwalinganisha kwa haki?

Tuanze na mkongwe. Iverson alizaliwa Hampton, jimbo la Virginia, mwaka 1975. Akiwa sekondari aliiongoza shule yake kuchukua ubingwa wa jimbo katika mpira wa miguu wa Kimarekani na katika kikapu, yote ndani ya mwaka mmoja wa masomo. Maana yake ni kwamba alipofika Chuo Kikuu cha Georgetown chini ya kocha John Thompson, mpira ulikuwa mkononi mwake tangu utotoni. Mwaka 1996 Philadelphia 76ers wakamchagua namba 1. Msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 23.5 kila mechi, akatwaa tuzo ya chipukizi bora. Machi 1997 alimpiga chenga Michael Jordan mwenyewe, chenga ambayo vijana wanairudia mpaka leo kwenye viwanja vya mtaani bila kujua ilianzia wapi.

Lakini kuna namba nyingine ya msimu ule ambayo haitajwi vijiweni. Iverson alicheza wastani wa dakika 40 kati ya dakika 48 za mechi. Na timu yake ilishinda mechi 22, ikafungwa 60. Yaani ilikuwa timu mbovu iliyomkabidhi kijana wa miaka 21 mpira na kumwambia, haya baba, fanya unachoweza. Akikosea, anaachwa uwanjani. Akikosea tena, bado yumo. Alijifunza NBA akiwa ndani ya NBA, dakika 40 kwa usiku mmoja.

Yaliyofuata mnayajua. Aliongoza ligi kwa ufungaji mara nne. Mwaka 2001 alikuwa mchezaji bora wa ligi, akaifikisha Philadelphia fainali, na katika mechi ya kwanza dhidi ya Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant alifunga pointi 48 na timu yake ikashinda. Lakers walishinda nne zilizofuata, lakini usiku ule ulitosha kumfanya mtu mfupi awe mfalme wa vijana wa dunia nzima, mpaka wa kwetu waliosuka nywele na kuvaa suruali pana kwa ajili yake.

Sasa twende kwa chipukizi. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam Februari 1987. Alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Naomba muisome tena hiyo: miaka 15. Kwa umri huo Iverson alikuwa tayari nyota wa mji wake. Hasheem alisoma Makongo, akavuka mpaka kwenda Laiser Hill Academy nje kidogo ya Nairobi, kisha akaenda Marekani ambako alipita zaidi ya shule moja kabla ya kumaliza sekondari Houston, Texas. Mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Hesabu miaka. Kijana amegusa mpira kwa mara ya kwanza karibu mwaka 2002, na miaka minne baadaye yuko katika moja ya programu kubwa kabisa za kikapu cha vyuo Marekani, anasoma kwa lugha ya tatu ya maisha yake ya mpira: kwanza Kiswahili cha kocha wa Dar, kisha Kiingereza cha Nairobi, kisha Kiingereza cha Wamarekani kinachotamkwa puani.

Na alifanya kazi. Msimu wake wa tatu chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, mipira 10.8 ya kudaka kutoka kwenye ubao, na mitupo 4.2 ya wapinzani aliyoizima kila mechi. Connecticut wakafika nusu fainali ya taifa mwaka 2009. Miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi ya Big East.

Hapa kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa huku kwetu. Tuzo hiyo hiyo ya ulinzi ya Big East, Allen Iverson naye aliichukua mara mbili, 1995 na 1996. Mfungaji huyo tunayemsifia kwa mabao alitoka chuoni akiwa na sifa ile ile aliyotoka nayo Hasheem. Kwa hiyo Juni 2009, Memphis walipomchagua Hasheem namba 2 nyuma ya Blake Griffin, hawakuwa wametupa karata gizani. Walichukua mlinzi bora wa ligi iliyowahi kuwatoa Iverson, Patrick Ewing na Dikembe Mutombo.

Miezi mitatu baadaye, Septemba 2009, Memphis wakamsajili Iverson kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kijana aliyezaliwa Dar na mtu aliyempiga chenga Jordan wakawa timu moja.

Ikadumu kidogo tu. Kocha Lionel Hollins alikuwa na vijana wake wa nje, Mike Conley na O.J. Mayo, na alitaka mkongwe atokee benchi. Iverson aliumia msuli, akakosa mechi za mwanzo, aliporudi akacheza mechi tatu. Zote tatu alitokea benchi, akafunga wastani wa pointi 12.3, akaeleza wazi kwamba hakuja Memphis kukaa. Novemba 7 akaondoka kwa ruhusa ya mambo binafsi. Katikati ya mwezi mkataba ukavunjwa. Desemba akarudi Philadelphia, akacheza mechi 25, na Februari 2010 safari yake ya NBA ikaisha. Baadaye alicheza kidogo Uturuki, katika klabu ya Beşiktaş, na mwaka 2016 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa kikapu. Anastahili. Pointi 24,368 hazipatikani kwa bahati.

Chipukizi wetu alibaki. Yeye hakuwa na mahali pa kurudi wala jina la kulilinda. Mbele yake katika nafasi ya senta alisimama Marc Gasol, Mhispania, ambaye baadaye alikuja kuwa mlinzi bora wa ligi nzima mwaka 2013. Memphis ya msimu ule haikuwa Philadelphia ya 1996. Ilishinda mechi 40 na kufungwa 42, ilikuwa inapanda, haikuwa na nafasi ya kumvumilia mtu anayejifunza. Hasheem alicheza mechi 68, wastani wa dakika 13, pointi 3.1, ribaundi 3.6, mitupo 1.3 aliyoizima. Februari 2010 timu ikampeleka Dakota Wizards, kwenye ligi ya chini ya maendeleo. Mpaka siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Magazeti ya Marekani yakaandika, ya kwetu yakatafsiri, na hukumu ikatoka.

Sasa tufanye hesabu ya dukani. Iverson chipukizi: dakika 40. Hasheem chipukizi: dakika 13. Kwa kila dakika moja ya Hasheem, Iverson alipata tatu. Ukiwapa watu wawili mashamba, mmoja ekari tatu na mwingine ekari moja, halafu siku ya mavuno ukapanga madebe yao ubavu kwa ubavu, utakuwa umepima nini hasa?

Na bado kumlinganisha senta na mchezaji wa nje kuna kasoro, maana kazi zao ni tofauti. Basi tumchukue senta. Tumchukue Mwafrika. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alisoma Georgetown kwa John Thompson, kocha yule yule wa Iverson. Naye alichukua tuzo ya ulinzi ya Big East mara mbili. Alichaguliwa namba 4 na Denver mwaka 1991, akiwa na miaka 25, mitatu zaidi ya Hasheem. Msimu wake wa kwanza Denver walimpa dakika 38 kila mechi, na alizima wastani wa mitupo mitatu. Gawanya. Mutombo alizima mtupo mmoja katika kila dakika 13 hivi. Hasheem, katika msimu tuliouita wa aibu, alizima mtupo mmoja katika kila dakika 10.

Simaanishi kwamba Hasheem alikuwa bora kuliko Mutombo, msinielewe vibaya. Mtu anayecheza dakika chache anaweza kuruka ovyo bila kuogopa faulo, na faulo kwa kweli Hasheem alizifanya haraka. Mutombo alifunga wastani wa pointi 16.6 na kudaka mipira 12.3 mwaka ule, na hayo Hasheem hakuyakaribia. Wachambuzi walilalamikia mikono yake ya kupokea pasi, wakalalamikia wepesi wa mwili wake mbele ya masenta wenye mabega ya ng'ombe. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, na hayakuisha mwaka wa pili wala wa tatu. Memphis walimpeleka Houston Februari 2011, Houston wakampeleka Portland 2012, akamalizia Oklahoma City mwaka 2014. Jumla mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Nyuma yake katika uchaguzi ule ule, namba 3 alikuwa James Harden, namba 7 alikuwa Stephen Curry. Ukweli huo unauma na hakuna sababu ya kuuficha.

Ninachokataa ni neno "alifeli" linapotamkwa kama vile jambo lilianza na kuisha kwake yeye. Kile alichokifanya vizuri, kuzima mitupo, ndicho alichokifanya tangu siku ya kwanza alipowekwa chini ya pete, kwa sababu urefu na muda wa kuruka vinakubali kujifunza haraka. Vile alivyoshindwa, yaani kupokea pasi katikati ya msukosuko, kugeuka na beki mgongoni, kuusoma mchezo kabla haujafika, ni vitu vinavyoingia mwilini mtoto akiwa na miaka minane, tisa, kumi. Vile Iverson alivyovipata Hampton kabla ya kubaleghe. Hakuna kocha wa Connecticut wala Memphis anayeweza kumrudishia mtu utoto. Hakeem Olajuwon wa Nigeria alianza akiwa na miaka 15 pia akawa mfalme, kweli, lakini watu wa namna ile huzaliwa mmoja katika kizazi, na nchi haipangi mipango yake kwa kutegemea muujiza.

Huku Mbinga mambo haya tunayajua kwa upande wa kahawa. Mzee yeyote wa Kimatengo atakwambia kwamba mche wa mbuni hauzai mwaka unaoupanda. Unasubiri kama miaka mitatu ndipo unaona matunda ya kwanza, na hayo ya kwanza hayajazi hata kikapu. Hakuna mkulima anayeung'oa mche kwa kuwa haukuzaa kama mbuni wa babu yake uliosimama miaka arobaini kando ya ngoro. Anauwekea samadi, anaupalilia, anasubiri. Ukishuka milima kwenda Mbamba Bay au Liuli utakuta somo lile lile majini. Kijana hapewi usukani wa mtumbwi siku ya kwanza, tena wakati upepo wa mwera unavuma. Anaanza kwa kuchota maji yanayoingia, anajifunza kuvuta nyavu, anaujua upepo kwa ngozi yake, na huanza akiwa mtoto. Ukimleta mtu mzima wa miaka 20 kutoka milimani, hata akiwa na mikono mirefu namna gani, ziwa litamchelewesha. Mikono mirefu itamsaidia kuvuta nyavu. Haitamwambia mawimbi yanatoka wapi.

Jambo hilo tunalikubali kwa kahawa, tunalikubali kwa uvuvi. Kwa nini kwenye michezo, na naogopa hata kwenye kazi na shule, tunamsimamisha chipukizi pembeni ya mkongwe na kuuliza mbona hafanani naye?

Angalieni pia walivyolipokea benchi. Iverson alikuwa na kila haki ya kujiona mkubwa, na hasira yake naielewa. Mtu aliyezoea dakika 40 akipewa 20 anaona ametukanwa. Lakini mechi tatu zilimtosha. Hasheem alipewa 13, akashushwa Dakota, akauzwa, akauzwa tena, na bado akaendelea kuvaa viatu. Baada ya NBA alikwenda Japani kucheza Yokohama, akarudi Marekani kwenye ligi ndogo akiwa amekwisha kupita miaka 30, kisha Taiwan, ambako urefu wake uliwasumbua watu kweli kweli. Mtu anayetafuta sifa tu angeshaacha zamani. Huyu alikuwa anautafuta mchezo wenyewe, ule alioupata akiwa amechelewa.

Na sisi je? Miaka yote hiyo tulikuwa tunamcheka tukiwa tumefanya nini? Hapa Ruvuma mchezo ni soka. Ukisema timu, watu wanakumbuka Majimaji ya Songea ilivyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1998. Kikapu mtoto wa huku anakutana nacho akifika sekondari, kama ana bahati ya kupata shule yenye pete, na pete yenyewe mara nyingi haina wavu na ubao umepinda. Yaani mtoto wa Mbinga au wa Lituhi leo, akiwa na kipaji na urefu, ataanza kikapu akiwa na miaka ile ile 15 aliyoanza Hasheem. Tangu Hasheem achaguliwe zimepita zaidi ya miaka kumi na mitano, na kwa mtoto huyo saa haijasogea.

Pete ya kikapu inasimama mita 3.05 kutoka chini. Kwa shule ya msingi unaweza kuishusha, fundi wa kuchomelea wa mjini hapa anaipinda kwa nondo, nguzo ni ya mlingoti, uwanja ni udongo ulioshindiliwa. Haihitaji mfadhili wala ziara ya waziri. Inahitaji mwalimu mmoja anayependa na mpira mmoja usiotoboka. Sisemi kwamba hapo atatokea Iverson. Nasema kwamba atakayetokea atakuwa ameshaanza.

Siku moja atapanda mwingine, huenda kutoka kwenye milima hii ya kahawa, huenda kutoka ufukweni kule. Atapelekwa mbali, atawekwa pembeni ya mkongwe, na habari zitatufikia kwa vipande kama zilivyotufikia mwaka 2009. Tukikaa kijiweni kumjadili, kabla ya kuuliza amefunga pointi ngapi, tuulize kwanza amepewa dakika ngapi, na alianza akiwa na miaka mingapi.

Nawasilisha.